Lafudhi ya Kuazima: Marehemu Benson Wanjau katika Vazi la Mzee Ojwang'

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Aghalabu methali hii husemwa kwa ajili ya mtu aliyetenda jambo la kupendeza mbele ya jamaa zake, watu wamjuao kwa sura na kwa ukoo, nao wakamtuza kwa furaha. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki dunia mjini Nairobi siku ya Jumapili, tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78, aliipindua methali hii. Hakucheza kwao. Yeye alikuwa Mkikuyu, na mtu aliyemwigiza kwa miaka mingi katika televisheni ya Kenya alikuwa Mjaluo, jina lake Mzee Ojwang' Hatari. Alicheza ugenini, kwa ulimi wa watu wengine, na bado akatunzwa.

Sifa nyingi zilitolewa alipofariki. Alisifiwa kwa ucheshi wake, kwa uvumilivu wake katika kazi isiyokuwa na malipo makubwa, na kwa furaha aliyoitia katika nyumba za watu. Sifa hizo zote ni haki yake. Lakini jambo moja lilitajwa kwa mshangao tu, kisha likaachwa, nalo ni kwamba watazamaji wengi hawakujua mpaka msiba ulipotangazwa kwamba Mzee Ojwang' hakuwa Mjaluo. Mshangao huo wastahili kuchunguzwa kuliko ulivyochunguzwa, kwa kuwa ndani yake mna swali la lugha. Mtu huwezaje kusema Kiswahili, ambacho si lugha yake ya kwanza, kwa lafudhi ya lugha ya tatu ambayo pia si yake, mwaka baada ya mwaka, mbele ya wenyewe, bila ya kutambulikana? Kazi ya namna hiyo ni sanaa, au ni mzaha tu? Na Kiswahili kilipata faida kwayo, au kilipata hasara?

Yafaa kwanza kukumbuka uwanja aliouchezea. Televisheni iliingia nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mpaka mwaka 1990, kilipofunguliwa kituo cha KTN, nchi nzima ilikuwa na kituo kimoja tu, nacho kilikuwa cha serikali. Kituo hicho kiliitwa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 kikageuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya. Mwenye televisheni hakuwa na la kuchagua, na asiyekuwa nayo alikwenda kutazama kwa jirani. Katika hali hiyo michezo ya kuchekesha ya Kiswahili, kama vile Vitimbi, Vioja Mahakamani na Vituko, haikuwa burudani ya kikundi kimoja cha watu. Ilikuwa baraza ya taifa. Mkikuyu, Mjaluo, Mluhya, Mkamba na Mswahili wa Mvita walitazama mchezo ule ule, saa ile ile, na kila mmoja alijua kwamba mwenziwe naye anatazama.

Katika baraza hiyo Kiswahili kilisikika kwa namna mbili zilizo mbali sana. Palikuwa na Kiswahili cha msomaji wa taarifa ya habari, kilichonyoshwa na kupigwa pasi, kisichoonyesha msemaji alizaliwa wapi. Kisha palikuwa na Kiswahili cha wachezaji wa vichekesho, ambacho kila neno lake lilitaja kijiji cha msemaji kabla hajasema jina lake. Watu wa elimu walikipenda cha kwanza na kukivumilia cha pili. Hukumu hiyo ndiyo ipasayo kutazamwa upya, na hakuna mtu afaaye zaidi kuwa mfano wa kuitazamia kuliko marehemu Wanjau.

Mashtaka juu ya michezo hii yalikuwa mawili, nayo yasikika hata leo. La kwanza ni kwamba iliharibu lugha: mtoto aliyefundishwa shuleni kutamka vizuri alirudi nyumbani akacheka pamoja na wazazi wake kwa matamshi mabaya, na kinachochekesha huigwa. La pili ni zito zaidi. Ni kwamba michezo hii ilifanyia dhihaka makabila. Ya kuwa kumpa mtu lafudhi ya kabila fulani na kumfanya achekwe ni kulicheka kabila lenyewe. Mashtaka yote mawili yalitolewa na watu wenye nia njema, na yote mawili yana chembe ya ukweli. Lakini hayawezi kuamuliwa kwa haki mpaka kwanza ijulikane marehemu alifanya nini hasa kwa ulimi wake.

Kijaluo, ambacho wenyewe hukiita Dholuo, ni lugha ya jamii ya Kinailoti. Kikuyu ni lugha ya jamii ya Kibantu, ndugu wa Kiswahili. Kwa hiyo Mjaluo na Mkikuyu wanapojifunza Kiswahili hawaingii kwa mlango mmoja, wala hawajikwai kwenye kizingiti kimoja. Ajabu ni kwamba katika mambo kadha wa kadha hujikwaa kwa kuelekea pande mbili zinazopingana kabisa. Neno moja la mkopo latosha kuonyesha jambo hili. Neno shilingi lilipoingia katika Kikuyu liligeuka kuwa ciringi, ambamo herufi ya kwanza hutamkwa karibu na sh ya Kiswahili, na l imekuwa r. Lilipoingia katika Kijaluo liligeuka kuwa siling: sh imekuwa s, l imebaki l, na vokali ya mwisho imeanguka. Fedha ni moja, lakini midomo miwili imeipiga chapa mbalimbali.

Sababu ya tofauti hiyo yajulikana. Kijaluo hakina sauti ya sh katika maneno yake ya asili, wala hakina z wala v. Kwa hiyo msemaji wa Kijaluo asiyezoea Kiswahili huelekea kusema samba mahali pa shamba, sauri mahali pa shauri, na suri mahali pa zuri. Kikuyu, kwa upande wake, ndicho kisichokuwa na s ya asili. Soko katika Kikuyu ni thoko, na saa ni thaa, ambapo th husomwa kama dh ya Kiswahili. Sukari nayo ni cukari, kwa sauti ile ile iliyo karibu na sh. Mjaluo huikimbia sh akaangukia s; Mkikuyu huikimbia s akaangukia sh au dh. Kadhalika Kijaluo hutenga l na r kama Kiswahili kinavyotenga, lakini Kikuyu hakina tofauti hiyo, na Mkikuyu asiyezoea huchanganya mbili hizo katika Kiswahili chake. Tena Kijaluo kina b na d zilizo wazi, nacho Kikuyu hupenda kuzitanguliza kwa sauti ya puani. Ndiyo maana duka kwa Mjaluo ni duka, na kwa Mkikuyu ni nduka.

Kutokana na hayo yaonekana kazi iliyomkabili mwigizaji huyu. Haikumtosha kuacha Kiswahili sanifu na kukisema vibaya. Mkikuyu akisema Kiswahili vibaya, akauacha ulimi wake uende upendako, atasikika kuwa Mkikuyu. Ili asikike kuwa Mjaluo ilimpasa afanye mambo mawili kwa pamoja: azuie makosa ambayo lugha ya mama yake ingemtia, na mahali pake aweke makosa ya lugha nyingine, yaliyo kinyume cha yale yake. Hata jina alilojipachika lilikuwa mtihani. Kiambishi O mwanzoni mwake ni alama ya kawaida ya majina ya wanaume wa Kijaluo, na mwisho wake ni ng' isiyofuatwa na vokali. Kikuyu kina sauti hiyo ya ng', lakini neno la Kikuyu, kama neno la asili la Kiswahili, humalizika kwa vokali. Kulitamka jina Ojwang' na kulifunga pale pale lifungwapo na Wajaluo, bila ya kuliachia i ndogo nyuma yake, ni jambo dogo kwa mwenyeji, na ni somo kwa mgeni.

Wenye elimu ya lugha hutofautisha kosa la kuteleza na desturi ya lugha. Kosa la kuteleza halina utaratibu: leo huja, kesho haliji. Desturi ina sheria, hata kama wenyewe hawawezi kuitaja sheria hiyo. Alichokisema Mzee Ojwang' hakikuwa makosa yaliyotapanywa ovyo ovyo ili watu wacheke. Kilikuwa na sheria, tena sheria za watu halisi, nazo alizikusanya kwa sikio bila ya kitabu cha sarufi. Mtaalamu akienda Kisumu na kalamu yake, akakaa na wazee, akaandika jinsi wanavyokisema Kiswahili, atapewa shahada kwa kazi hiyo. Marehemu aliifanya kazi ya namna hiyo, na maelezo yake aliyaandika kwa kinywa chake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Lafudhi hii ya kuazima ilimsitiri Wanjau hata watu wakamzika wakiwa bado wanashangaa alikuwa nani.

Sasa yawezekana kuyarudia mashtaka. La kuharibu lugha lasimama juu ya dhana kwamba mtazamaji hujifunza kila akisikiacho. Lakini kichekesho cha matamshi hakifanyi kazi hivyo. Asiyejua kwamba neno ni shamba hatacheka akisikia samba. Ataona mtu ametaja neno asilolijua. Kicheko chenyewe ni ushahidi kwamba sikio la mtazamaji limekwisha kulipima neno na kuliona limepungua. Mfumo wa elimu ulioanza nchini Kenya mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na kwa hiyo kizazi kizima kilikaa na mizani hiyo mkononi. Mchana walisahihishwa na mwalimu. Jioni walimsahihisha Mzee Ojwang' kimoyomoyo, wakajiona wamehitimu. Ni vigumu kuona jinsi mazoezi ya namna hiyo yanavyoweza kuitwa uharibifu.

Hata hivyo haifai kuipuuza chembe ya ukweli iliyomo katika shtaka hilo. Mtoto mdogo mno, asiyesikia Kiswahili mahali pengine popote, hana mizani. Lakini dawa ya mtoto huyo haikuwa kumnyamazisha mwigizaji. Ilikuwa kumpa mtoto vitabu na walimu. Tena yafaa kuuliza: Kiswahili cha nani hasa ndicho kilichoharibiwa? Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, wasemaji wa Kimvita walijikuta wamekuwa watu wa pembeni katika lugha waliyozaliwa nayo na kuitungia mashairi kwa karne nyingi. Kila usanifishaji humfanya mtu fulani kuwa na lafudhi. Katika Kenya, walio wengi kabisa ni watu waliojifunza Kiswahili juu ya lugha nyingine, na kila mmoja anacho kizingiti chake. Msomaji wa habari aliwaonyesha jinsi ipasavyo kusema. Mzee Ojwang' aliwaonyesha jinsi wanavyosema. Lugha ya taifa yahitaji vioo vyote viwili, na Katiba ya mwaka 2010, iliyokitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, haikumwuliza mwananchi kama anaitamka sh kabla ya kumpa haki hiyo.

Shtaka la pili, la dhihaka, halijibiki kwa urahisi namna hiyo. Historia ya Kenya yakataza. Tangu Oginga Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966, na hasa tangu Tom Mboya alipouawa mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, siasa za nchi zilichimba mfereji wa shuku baina ya Wakikuyu na Wajaluo, na kila uchaguzi uliuongeza kina. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao, na katika majuma yale jina la mtu na lugha yake vilitosha kumtia hatarini. Katika nchi kama hiyo, Mkikuyu kuvaa ulimi wa Kijaluo na kuchekesha watu kwao si jambo la kupuuzwa. Lingeweza kuwa tusi kubwa.

Wasomaji wa Biblia wakumbuka kisa kilichomo katika kitabu cha Waamuzi. Watu wa Gileadi walivishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliamriwa kutamka neno moja, Shibolethi. Mwefraimu hakuweza kuitamka sh. Alisema Sibolethi, naye akauawa pale pale. Kisa hicho hutajwa mara nyingi katika elimu ya lugha ili kuonyesha kwamba tofauti ndogo kabisa ya sauti yaweza kuwa mpaka wa uhai na mauti. Tofauti yenyewe ni baina ya s na sh, na hiyo hasa ndiyo iliyokuwa alama ya Mzee Ojwang' na ya Wajaluo anaowaiga. Lakini katika Vitimbi alama hiyo ilitumika kinyume. Mtu wa upande wa pili wa mto aliichukua sauti ya wavukaji, akaifanya yake, akakaa nayo hadharani kwa miaka. Baada ya hapo sauti hiyo peke yake haikuweza tena kuwa ushahidi wa kabila, kwa kuwa mtu aliyejulikana kuliko wote nchini kwa kuitamka hakuwa wa kabila hilo.

Hapana budi kuwa waangalifu hapa. Mchezo wa televisheni haukuzuia damu kumwagika mwaka 2008, na anayedai kwamba vicheko huponya mataifa adai mengi mno. Jambo linaloweza kudaiwa ni dogo zaidi, nalo ni hili: ya kuwa ipo njia ya kuuvaa ulimi wa mwenzio isiyokuwa dhihaka, na kwamba dalili zake zaweza kutajwa. Dalili ya kwanza ni bidii. Mwenye kudhihaki hatafuti usahihi. Huchukua sauti moja, akaipiga kama ngoma mpaka watu wachoke, maana haja yake ni kuonyesha kwamba wale hawajui kusema. Mwenye kuchora mtu hutafuta sauti zote, na zaidi ya sauti hutafuta mwendo wa sentensi, mahali pa kupumua, na namna mzee wa watu hao anavyokasirika na anavyonyamaza. Bidii ya namna hiyo ni heshima, hata ikiwa matunda yake ni kicheko.

Dalili ya pili hupatikana kwa kufanya jaribio dogo. Mwondolee mtu wa mchezo lafudhi yake, umpe Kiswahili sanifu, kisha utazame kama amebaki mtu. Wachekeshaji wengi wa lafudhi hawabaki na kitu. Ni lafudhi iliyovaa kofia. Mzee Ojwang' hubaki. Hubaki mzee mbishi, mwenye kujiona, mwenye nyumba asiyekuwa na uhakika kwamba nyumba yamtii, anayetangaza amri kabla ya kujua kama kuna wa kuisikia. Hata lakabu yake, Hatari, ni utani juu ya jambo hilo: mzee ajitangazaye kuwa ni hatari, na hapana amwogopaye. Mbele yake alisimama Mama Kayai, aliyechezwa na Mary Khavere, mke wake katika mchezo, na mvutano wa wawili hao ndio uliobeba visa vingi. Mvutano huo hauna kabila. Kila mtazamaji alimjua mzee huyo, na mara nyingi alikuwa baba yake mwenyewe.

Uingereza pia inao mfano wa karibu. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Henry V yumo kapteni wa Kiwelisi aitwaye Fluellen, ambaye mahali pa b husema p, na watazamaji wa London waliandaliwa kumcheka kwa Kiingereza chake. Lakini mwandishi amemfanya kuwa shujaa, mwenye elimu ya vita na mwaminifu, na yule anayemdhihaki kwa Uwelisi wake huishia kuaibishwa. Lafudhi ni mlango wa kumwingilia Fluellen. Si nyumba yote. Tofauti ni kwamba Fluellen alikuja kwa kalamu ya mwandishi mkubwa, kwa hiyo wataalamu wamemwandikia vitabu. Mzee Ojwang' alikuja kwa sauti tu, na sauti haina mfasiri mpaka iandikwe.

Kasoro zipo, na haitakuwa heshima kwa marehemu kuzificha. Mafanikio yake yalifungua njia kwa waigaji waliochukua lafudhi na kuacha mtu. Ilikuwa rahisi kuona kwamba Ojwang' anachekesha, na vigumu kuona kwa nini. Basi wengi wakafikiri ni kwa sababu ya s mahali pa sh. Katika vichekesho vingi vilivyofuata, lafudhi iligeuka kuwa sare ya kazi: lafudhi hii ni ya bawabu, ile ni ya mchuuzi, nyingine ni ya mwizi. Hapo ndipo shtaka la dhihaka linaposimama imara, na hao ndio walipasao kulijibu. Kasoro nyingine ni ya mchezaji mwenyewe, kama yafaa kuitwa kasoro. Vazi lilimmeza mvaaji. Jina la Wanjau lilipotea ndani ya jina la Ojwang', na nchi haikupata kujua vizuri ni sura ngapi nyingine ulimi ule ungeweza kuzivaa. Mwigizaji mwenye sikio kama lile angeweza kuchora watu kumi wa makabila kumi. Watazamaji walimpenda mmoja tu, na upendo wa watazamaji nao ni aina ya kifungo.

Linabaki jambo moja lihusulo vyuo vya Kiswahili hasa. Wataalamu wa lugha hii wamefanya kazi kubwa ya kuokoa miswada ya tenzi. Wameitafuta Lamu, Pate na Mombasa, wakaipiga picha, wakaihariri, wakaandika kamusi na maelezo juu ya kila neno gumu. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa. Lakini Kiswahili cha karne ya 20 hakikuishi katika miswada peke yake. Kiliishi pia katika redio na televisheni, katika vinywa vya watu waliokisema kila juma mbele ya umma mkubwa kuliko umma wowote aliopata kuwa nao mtunzi wa utenzi. Wakati utafika ambapo mwanafunzi atataka kujua jinsi Wakenya wa miaka ya 1980 na 1990 walivyokisikia Kiswahili cha wenzao, na kitabu cha sarufi hakitamjibu. Michezo ya Vitimbi ingeweza kumjibu, ikiwa imehifadhiwa kwa utaratibu, ikaandikwa neno kwa neno kwa alama za matamshi, na kuelezwa: hapa ameacha sh, hapa ameishika, hapa r yake imebaki imara mahali ambapo ulimi wa mama yake ungemtelezesha. Huo ungekuwa uhakiki unaostahili kuitwa uhakiki, nao ungepima kwa ushahidi yale ambayo mpaka sasa yamesemwa kwa upendo tu.

Katika miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua sana marehemu, na habari hizo zilipowafikia wananchi, walichanga fedha kwa ajili ya matibabu yake. Hawakuuliza kabila lake. Na kama wangalimchangia kwa kabila, wengi wao wangalimchangia kwa kabila lisilokuwa lake. Mchango huo ulikuwa tuzo iliyochelewa kwa mtu aliyecheza ugenini, na watoaji wake walikuwa wa pande zote mbili za mfereji. Katika kisa cha kale, mtu alitamka s mahali pa sh kivukoni, akauawa. Katika kisa hiki mtu alitamka s mahali pa sh kwa hiari yake, na kabila zote zikatoa fedha ili apate kuona tena.